Aliye Hai Ataita Tena

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Uyole ilikuwa marufuku kuitika usiku. Ukisikia jina lako linaitwa gizani, hata kama ni sauti ya mama yako mzazi, unafunga mdomo. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeilinda sheria hiyo, na alikuwa mkali nayo kuliko amri kumi za kanisani. "Mfu huita mara moja tu," alikuwa akisema, ameninyooshea mwiko. "Aliye hai ataita tena. We subiri ya pili. Ukiitika ya kwanza, huyo hatarudi mikono mitupu, atakwenda na mtu."

Mimi nilikuwa mtoto wa papara. Kukaa kitako dakika mbili ilikuwa adhabu, na kusubiri ya pili kulinitesa kuliko fimbo. Siku moja mama alitoka uani usiku, akaniita nimpelekee taa. Nikanyamaza. Akarudi amejikwaa, kidole kinatoka damu.

"We Tusekile! Kwani mimi nimekufa?"

"Hukuita mara ya pili, mama."

Nilikula kofi la haki. Bibi akanitetea, akasema mtoto kafanya sawasawa. Mama aliingia chumbani akibamiza mlango, na kesho yake hawakusemeshana mpaka ugali ulipoiva.

Sasa katika nyumba hiyohiyo, ya wanawake watatu wanaoogopa sauti za usiku, kulikuwa na redio.

Ilikuwa redio ya mbao, ina kitambaa mbele na sindano nyekundu inayotembea juu ya kioo. Baba aliileta aliporudi mara ya kwanza kutoka Joni, ndivyo watu wetu walivyoliita Johannesburg na machimbo yake yote ya dhahabu. Aliporudi huko mara ya pili nilikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo sauti yake siikumbuki, nisidanganye. Ninachokumbuka ni kile nilichosimuliwa mara mia: kwamba usiku wa mwisho alichukua msumari, akakwaruza alama kwenye kioo cha redio, akamwambia mama yake, "Barua za kwa Makaburu hazifiki huku. Redio haina mpaka. Stesheni hii ya kusini inasoma salamu za watu wa machimbo, Jumamosi usiku, kwa Kinyanja. Wewe Kinyanja unakijua. Nisikilizeni hapo."

Kweli Bibi alikijua, alikuwa mzaliwa wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, ulio mpaka wetu na nchi jirani. Miaka ya mwanzo kulikuwa na binamu yake baba huko Karonga aliyekuwa akituvushia barua. Binamu akafa. Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijijini, tukaacha nyumba yetu ya bondeni, migomba yetu, na kaburi la babu Kajange, tukajengewa vibanda kwenye mstari karibu na barabara kuu, hapo Uyole. Baba hakujua tumepelekwa wapi. Nasi hatukujua kama yu hai. Kamba iliyobaki kati yetu ilikuwa ni ule mkwaruzo wa msumari.

Kazi ya kutafuta ikawa yangu, kwa sababu mama mkono wake ulikuwa mzito na Bibi macho hayakuona sindano. Jamani, nilivyoipenda kazi ile! Mchana redio yetu ilikuwa maskini, inashika Dar es Salaam tu, tena kwa kukoroma. Lakini jua likizama nyuma ya mlima, dunia ilikuwa inasogea. Kwanza Lusaka, safi kabisa. Halafu Nairobi. Halafu Kifaransa cha Kongo, na magitaa yao yasiyochoka. Kadiri usiku ulivyokwenda ndivyo walivyokuja wa mbali zaidi: Wareno wa Lourenço Marques, Waarabu wa sijui wapi, na Makaburu wenyewe na lugha yao ya kukwaruza koo. Mtu wa mbali hakai. Anakuja juu, unamsikia mpaka pumzi, halafu anazama taratibu, na wewe umekaza kidole kwenye kitufe ukimwomba arudi. Saa nyingine niliizungusha redio yote, nikaielekeza mlangoni, kisha dirishani, mpaka Bibi akauliza kama naitafutia mchumba.

Nilikuwa na daftari la shule nililogeuza nyuma mbele, naandika kila stesheni niliyoipata, saa, na hali ya hewa. Niligundua mwenyewe kwamba kipupwe cha Juni na Julai, barafu ikianguka kwenye viazi, ndipo kusini inasikika vizuri, na masika ni radi tupu. Waya wa antena tuliupata karibu na kambi ya Wachina wa reli, tukaufunga kwenye mwanzi mrefu kuliko nyumba zote za mstari ule. Mawe ya redio, yaani betri zake, yakichoka, niliyaanika juani siku nzima juu ya bati, yakapata nguvu ya jioni moja. Seti mpya ilinunuliwa Mwanjelwa mara chache sana, na siku hiyo ilikuwa sikukuu.

Mwanzi ule ulimkera balozi wa nyumba kumi. Alikuja jioni moja na koti lake la mvua, akasimama mlangoni.

"Mama, watu wanasema hapa kunasikika Kikaburu usiku."

"Watu hao wanakijua Kikaburu?" Bibi akamwuliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi wamejuaje? Kaa, ule viazi."

Akakaa, akala. Lakini tangu siku hiyo tulisikiliza sauti ikiwa chini, vichwa vitatu vimegusana, blanketi juu yetu na juu ya redio. Kila Jumamosi mtangazaji alisoma majina, na Bibi akatutafsiria kwa kunong'ona. Fulani anamsalimu mkewe, anasema mbuzi auzwe. Fulani anauliza kama mtoto amezaliwa. Tulisubiri jina moja tu, Lusajo Mwasumbi, jina la baba yangu. Wakimaliza bila kulitaja, mama alijitoa kwenye blanketi, akaenda kulala. Mimi sikuweza kulala. Nilibaki macho nikihesabu malori yanayopanda kwenda Zambia, nawaza kwamba labda wamelisoma pale sauti ilipozama.

Kuna jambo moja lazima niliseme hapa. Bibi alikuwa na kopo la bati aliloweka vitu vyake vya thamani: cheti cha ubatizo, sindano, na kipande cha kazi cha babu, karatasi yake ya kuandikishwa, kwani babu naye aliwahi kwenda machimboni zamani, akaandikishwa Karonga. Tulipohama, Bibi alifungua kopo akakuta kipande hakimo. Alihangaika nacho miezi. Panya hawali karatasi wakaacha cheti, alisema. Akafika mahali akaamini kwamba babu mwenyewe amekichukua, kwa hasira ya kuachwa peke yake kule bondeni, kaburi limeota majani, hakuna hata mtu wa kumsalimia.

Basi, ilikuwa Jumamosi ya baridi kali. Kusini ilikuwa imekuja vizuri ajabu, hata karatasi za mtangazaji zilisikika zikigeuzwa. Akasoma salamu kama saba. Halafu akasema, na hapo sikuhitaji tafsiri kwa sababu Kinyanja cha salamu nilikuwa nimeshakizoea:

"Kajange Mwasumbi anaita nyumbani kwake."

Mkono wa Bibi ulinipita usoni. Kitufe kikalia ta! Giza na kimya. Nilimsikia anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Hakuna kuitika," akasema. "Asiitike mtu."

Kajange Mwasumbi alikuwa marehemu mumewe, babu yangu, aliyezikwa kabla sijazaliwa.

Mama alijaribu. Alisema majina yanafanana, akina Mwasumbi wapo wengi. Bibi akamjibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Tuse, na Kajange je? Kajange Mwasumbi ni wangapi? Kipande kaja kuchukua, sasa anatuita. Anataka mtu." Kisha akatoa mawe yote sita ndani ya redio, moja moja, akaenda nayo. Asubuhi nilijua yalipo, maana mtoto wa papara hujua kila kitu kilipo: kwenye kibuyu cha mbegu za maharage, juu ya dari ya jikoni.

Wiki ile sikuwa mtu. Shuleni mwalimu aliniuliza jina langu nikamtazama tu. Nilikuwa na hofu mbili na zilipigana ndani yangu. Nilimwogopa babu. Lakini nilimwogopa zaidi mtangazaji, kwamba Jumamosi inakuja, atasoma, "Lusajo Mwasumbi anamsalimu mama yake, mkewe na mwanawe Tusekile," na sisi tumelala, redio haina mawe. Baba angesalimu ukuta. Nani angemwambia kwamba tulikuwepo?

Jumamosi nilisubiri wakorome wote wawili. Nikapanda juu ya kinu, nikatia mkono kwenye kibuyu. Maharage yalimwagika machache, nikayaokota kwa kupapasa. Nikajifunika blanketi na redio, nikaifungua sauti ndogo kabisa, sikio nimelibandika kwenye kitambaa. Mkwaruzo wa msumari niliupata kwa kidole. Stesheni ilikuwa inapanda na kushuka. Majina, majina, yakazama. Yakarudi. Nikasikia:

"Kajange Mwasumbi anaita tena nyumbani kwake. Anauliza kama mnamsikia."

Nasema ukweli wangu: nilijikojolea. Sikuzima kwa kitufe, niling'oa mawe. Niliyarudisha kwenye kibuyu, nikaingia kitandani kwa mama na nguo mbichi, nikamwambia nimeota vibaya. Hakuuliza, alinisogezea blanketi kavu.

Asubuhi ile Bibi alitangaza kwamba tunakwenda bondeni. Hatukwenda kanisani. Tulitembea saa mbili, yeye mbele na kikapu cha unga na chupa ya pombe ya ulezi, mimi nyuma. Sikuthubutu kumwambia nilichokisikia, kwa sababu ningesema nimetoa mawe, na kutoa mawe kulikuwa ni kumfungulia babu mlango. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imebaki kuta nusu. Kaburi tulilitafuta kwa miguu. Bibi alipiga magoti, akang'oa majani, akamwaga unga, akamwaga pombe, akamsemesha mumewe kama mtu aliyekaa naye jikoni.

"Kajange, tumekusikia. Hatukukusahau, tulihamishwa. Tulia sasa. Mwanao yuko mbali, usimfuate, na huyu mtoto mwache. Nakuomba, usituite tena."

Alinigeukia. "Na wewe sema."

"Usituite tena, babu," nikasema.

Redio ilikaa bila mawe. Mama aliitandikia kitambaa cha kufuma, ikawa meza ya kuwekea taa.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuchimba viazi, alikuja mgeni. Mtu wa Tukuyu, amebeba sanduku la bati kichwani, amevaa suruali yenye mikunjo ya Joni. Alisema hakupata shida kutupata: alishuka barabarani akauliza ilipo nyumba ya mama wa kutoka Karonga mwenye redio, na watu wote wakamwonyesha mwanzi. Alikaa, akanywa maji, akamtazama Bibi muda mrefu.

"Wewe ndiye mama yake Kajange?"

"Kajange ni mume wangu. Amekufa siku nyingi."

"Hapana, mama. Kajange wa machimboni. Lusajo." Akashusha macho. "Watanzania walikuwa hawaandikishwi tena. Alichukua kipande cha baba yake ndani ya kopo lako, akaandikishwa kwa jina hilo kama mtu wa Karonga. Aliona haya kukwambia. Alisema ungemkataza kuvaa jina la marehemu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe, mikono ina udongo.

Mgeni akaeleza polepole. Mkataba wa baba ulikuwa umekwisha na alitaka kurudi nyumbani moja kwa moja. Lakini kuvuka Songwe na kipande kisicho chake, anatoka kwa Makaburu, aliogopa watamwita mpelelezi. Alihitaji mtu wa nyumbani amfuate Karonga na barua ya balozi ya kumtambulisha. Barua zake zilikuwa zinarudi, mwenyewe hayupo, mahali pamehamwa. Ikabaki redio. "Akatoa salamu Jumamosi tatu. Ya kwanza kuwaita, ya pili kuuliza kama mnasikia, ya tatu kutaja siku atakayofika Karonga. Nilikuwa naye pale kambini Karonga. Alikaa wiki mbili, kila gari likija anatoka nje. Halafu akasema, 'Basi, hawapo.' Akajiandikisha tena."

Nilikuwa nimeshika sahani ya viazi vya mgeni. Sijui kwa nini sikuiangusha.

Mama alisema neno moja tu. "Kumbe." Akaweka jembe chini, akaenda kuondoa taa na kitambaa juu ya redio, akaipangusa, akairudisha mezani na kuizungusha uso wake utazame ndani. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki hakukosa Jumamosi hata moja.

Bibi ndiye aliyesema, na kila neno nalijua. "Ya kwanza nilikosea, Mungu anisamehe. Lakini mimi mwenyewe ndiye ninayesema, aliye hai ataita tena. Ningeisikia ya pili tu, ya pili tu, ningejua ni mtu hai. Ningeitika. Ningekwenda Karonga kwa magoti." Alipomaliza hakumtazama mgeni. Alinitazama mimi. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameona maharage yaliyobaki chini ya kinu, au alinitazama tu kwa sababu nilikuwa mbele yake.

Nikaweka sahani mezani, nikasema, "Karibu viazi, baba."

Habari za baba hatukuzipata tena. Hakuna kaburi, hakuna barua, wala mtu mwingine mwenye sanduku.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikalishika nusu, nusu iliyokuwa ya woga, na guu likavunjika vilevile. Kila kitu alichotuonya Bibi kilitimia. Alisema anayeita hatarudi mikono mitupu, na kweli mtu alikwenda. Alisema aliye hai ataita tena, na kweli aliita tena, masikioni mwangu mimi, mtu pekee katika nyumba ile aliyekuwa macho. Baadaye sekondari, Iringa, mwalimu wa fizikia alitueleza kwa nini mawimbi ya redio yanakwenda mbali usiku, kwamba kuna tabaka juu angani linayarudisha chini. Darasa zima waliandika. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya bweni, na rafiki zangu wakadhani ni somo gumu.

Bibi alifariki nikiwa mwalimu tayari. Nilimuuguza mimi. Usiku mmoja, kama wiki moja kabla, aliniita kutoka chumbani kwake, mara moja, kwa sauti hafifu.

"Tusekile."

"Abee, Bibi!" Nilikuwa nimeshafika kitandani kabla sijajijua.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na meno. "Umeitika haraka."

"Ndiyo, Bibi."

"Vizuri," akasema. "Uwe unaitika."

Alitaka maji tu. Nilimnywesha, nikakaa pale ukingoni mwa kitanda na neno langu mdomoni, neno la Jumamosi ya pili, na yeye akasubiri. Naapa alisubiri. Halafu akasinzia, nami nikamfunika.

Sasa mimi ni bibi mwenyewe. Wajukuu wananicheka kwamba simu ikilia usiku wa manane naipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, hata kama ni mtu amekosea namba. Ninayo redio ndogo, na kipupwe kikifika usingizi unanikataa, nazungusha kitufe taratibu kuelekea kusini. Stesheni ile haipo tena, pale kuna mkoromo tu. Neno ambalo Bibi alilisubiri, nimelisema leo: niliisikia ya pili.